Virusi vya rota: vinazaana, vinajirudufu au vinajinakili?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Tunaandaa kipeperushi cha chanjo ya rota. Niliandika "virusi huzaana ndani ya seli za utumbo". Mwenzangu akapinga, akasema niandike "hujirudufu". Daktari naye akataka "hujinakili". Lipi sahihi?

JIBU: Dada muuguzi, "huzaana" liondoe. Kiambishi -an- hapo kinadai wawili: mbuzi wanazaana. "Huzaliana" limelegea zaidi. Twasema mbu huzaliana kwenye madimbwi, na bakteria vilevile, bila kuwaza dume na jike. Kwa mama aliye kwenye foleni na mtoto mgongoni, "huzaliana" latosha. Lakini linataja matokeo tu, kwamba vimeingia vichache vikatoka vingi. Namna yake haimo.

Na namna ndiyo inayoamua ugomvi wenu. Virusi vya rota (rota ni Kilatini, gurudumu, na ndivyo vinavyoonekana kwenye hadubini ya elektroni) hubeba RNA, yaani molekuli yenye maelekezo ya kukiunda kirusi, ya nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. RNA hiyo imo katika vipande 11, ndani ya ganda la tabaka tatu. Kirusi kinapoingia kwenye seli huvuliwa tabaka la nje, ila mawili ya ndani hayafunguki. RNA ile ya nyuzi mbili haitoki humo kabisa, maana seli yetu ikiikuta kwenye saitoplazimu (ute uliomo ndani ya seli) huitambua kuwa ni dalili ya uvamizi na kupiga mbiu. Basi kazi hufanyika mlango ukiwa umefungwa: kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) ambacho kirusi kimekuja nacho husoma uzi mmoja na kutoa nakala yake, na nakala hizo za uzi mmoja mmoja hupenya kwenye vitundu vya ganda hadi nje. Baadhi husomwa na ribosomu, viwanda vya protini vya seli, ili protini zitengenezwe. Nyingine hufungiwa katika maganda machanga, na humo ndimo kila moja husokotewa uzi mwenza.

Sasa mkumbuke mwalimu anapoandika ubaoni na kusema, "Nakilini." Madaftari arobaini yanajaa, na maandishi ya ubaoni yako palepale, hayajapungua hata herufi. Hiyo ndiyo maana ya kunakili: cha asili hubaki kizima. Ndivyo inavyokuwa kwa rota. Nyuzi mbili za mwanzo hubaki pamoja ndani ya ganda lao, na RNA ya kirusi kipya ina nyuzi mpya zote mbili.

"Kurudufu" lina mbili ndani yake, kama tusemavyo faida maradufu. Najua walimu waliorudufu mitihani kwa stensili hawakutoa karatasi mbili tu, na matumizi hayo ni halali. Hata hivyo mimi neno hili ningeliwekea DNA, molekuli ya urithi ya seli zetu: pale jozi huachana, kila uzi ukapata mwenza mpya, na jozi moja ikawa mbili. Tukiyatumia maneno haya mawili kiholela, tunapoteza tofauti ambayo Kiswahili kinaweza kuieleza bila kuazima chochote.

Kwa hiyo daktari yuko sahihi, nami naongeza jambo moja kuhusu -ji-. "Kirusi hujinakili" ni sawa kwa RNA, kwa kuwa kimeng'enya ni chake. Kwa protini usiseme "hujitengenezea". Kirusi hakina ribosomu hata moja. Sema "hutengenezewa protini na seli". Kauli ya kutendwa na ya kutendea zimeungana katika kitenzi kimoja, nacho kinasema wazi nani anafanya kazi na nani anafaidi.

Katika kipeperushi ningeandika: "Virusi vya rota huingia kwenye seli za utumbo mwembamba, hujinakili humo, na kuziharibu; ndipo mtoto huharisha na kutapika." Upatanisho uwe wa KI-VI, kirusi kimoja, virusi hivi, ingawa utasikia "virusi hii" redioni.

Na matone mnayowapa watoto, Tanzania tangu 2013 na Kenya tangu 2014, yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Navyo hujinakili kwenye utumbo, ila kwa unyonge, kiasi cha kuufunza mwili kinga. Mama akiuliza kama chanjo ina virusi, kitenzi ni kilekile.