Maswali ya Wasomaji: Kivinjari Kikiganda, Usikimbilie Kufuta Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha sekretariati ndogo katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ambako ninachapa barua, ninatoa nakala na kuwajazia wanafunzi fomu za kujiandikisha chuoni kwa njia ya intaneti. Mashine yangu ni ya mtumba, ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na Windows 10, na kivinjari ninachotumia ni Firefox. Tangu umeme uanze kukatika mara kwa mara mtaani kwetu, kivinjari kinaganda: dirisha linapauka, maneno «Ne répond pas» (haijibu) yanatokea juu yake, kisha ama kinarudi, ama kinajifunga chenyewe pamoja na fomu niliyokuwa ninaijaza. Fundi amekiondoa na kukiweka upya mara mbili, lakini ugonjwa umebaki palepale. Sasa anataka kufuta mashine nzima na kuweka Windows upya. Manenosiri yangu yote na anwani zangu za kazi zimo humo. Je, nimkubalie?
Mama wa sekretariati, Katuba

JIBU: Mama, ninakuomba umwambie fundi asubiri. Kufuta mashine nzima huenda kukaondoa tatizo kweli, lakini kutaondoa pia manenosiri na anwani zako, na hakuna atakayekuwa amejua chanzo kilikuwa nini, hivyo ugonjwa ukirudi mwezi ujao mtaanza tena na sifuri. Yapo majaribio ya kufanya kwanza, na karibu yote hayali hata megabaiti moja ya intaneti.

Nianze na sababu iliyofanya kazi ya fundi isizae matunda. Firefox hukaa mahali pawili katika kompyuta. Programu yenyewe imo katika folda ya programu za Windows, ilhali alamisho (anwani ulizozihifadhi), historia, manenosiri, viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na mipangilio yako vimo katika folda nyingine kabisa, ndani ya eneo la mtumiaji, ambayo huitwa profili. Mtu akiondoa Firefox kwa njia ya kawaida, profili haiguswi, na Firefox mpya ikishawekwa huichukua ilivyo, pamoja na kasoro zake. Ni sawa na mpishi anayebadilisha sufuria huku akimiminia humo mchuzi uleule uliozidi chumvi.

Barua yako pia imetaja jambo ambalo mafundi wengi hulipita: umeme. Faili za profili, kama vile places.sqlite inayotunza alamisho na historia, huandikwa wakati wote kazi inapoendelea. Umeme ukizimika katikati ya kuandika, faili hizo mara nyingi hujirekebisha zenyewe mashine inapowashwa tena, kwa kuwa zimetengenezwa hivyo, lakini si kila mara, hasa diski ikiwa ya zamani na imeanza kuchoka. Ndiyo maana mimi ningeanza na profili kabla ya kitu kingine chochote.

Andika about:profiles katika upau wa anwani, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ukurasa utakaofunguka unaonyesha profili unayoitumia na folda iliyomo. Fungua folda hiyo, funga Firefox kabisa, kisha unakili folda nzima kwenye flashi au diski ya nje. Humo mna faili mbili, logins.json na key4.db, ambazo ndizo zinazotunza manenosiri, na moja bila nyingine haifai kitu. Kwa sababu hiyo flashi hiyo isiazimwe mteja yeyote. Iweke pamoja na pesa zako.

Baada ya hapo, rudi katika ukurasa uleule, unda profili mpya, uizindue na ufanye nayo kazi ya kawaida kwa siku nzima. Ya zamani usiifute. Kivinjari kisipoganda, umeshajua kwamba tatizo lilikuwa ndani ya profili ya zamani, ama katika faili zilizoharibika, ama katika kiendelezi fulani. Ili kutenganisha mambo hayo mawili, funga Firefox, shikilia kitufe cha Maj (Shift) kwenye kibodi huku ukiifungua kwa profili ya zamani, na ukubali kuingia katika hali ya utatuzi, inayoitwa «mode de dépannage» kwenye mashine zetu za Kifaransa. Katika hali hiyo viendelezi vyote huzimwa, na msaada wa kadi ya picha huzimwa pia. Ikiwa kuganda kumekoma, rudi katika hali ya kawaida, zima nusu ya viendelezi, jaribu, kisha gawa tena nusu iliyobaki na tatizo, mpaka ubaki na mmoja mwenye hatia. Viendelezi vyote vikiwa vimezimwa na kuganda bado kupo, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji, uondoe alama kwenye kuharakisha kwa kadi ya picha, uifungue Firefox upya na uangalie. Ikiwa hata katika hali ya utatuzi kunaganda ilhali profili mpya ni nzima, basi ni faili zilizoharibika: hamishia katika profili mpya zile mbili za manenosiri, Firefox ikiwa imefungwa, na alamisho uzirudishe kutoka folda ndogo ya bookmarkbackups, ambamo Firefox huweka nakala zake za akiba.

Ikiwa profili mpya nayo inaganda, tuachane na Firefox tuitazame mashine. Kuganda na kujifunga si ugonjwa mmoja. Kuganda maana yake programu inasubiri kitu, na katika mashine ya GB 4 kitu hicho aghalabu ni diski. Windows yenyewe huchukua sehemu kubwa ya RAM. Vichupo, yaani kurasa zilizo wazi ndani ya kivinjari, vikifunguliwa kumi na mbili, pamoja na programu ya kuandikia na ya kichapishi, RAM hujaa na Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, ambayo ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja mara tu kuganda kunapoanza, utazame katika dirisha litakalofunguka safu ya «Mémoire» na ya «Disque». Ukiona kumbukumbu imekaribia asilimia 100 na diski nayo imeshikilia 100, huku taa ndogo ya diski ikiwaka bila kupepesa, jibu umelipata. Ukitaka kujua kichupo gani kinakula zaidi, andika about:processes. Kila kichupo kitaonyeshwa na kiasi chake. Vichupo hivyo vinaweza kufungwa kimoja kimoja kwa sababu Firefox ilianza kuvitenga na programu kuu mwaka 2016, jambo ambalo Chrome ilikuwa nalo tangu ilipotoka mwaka 2008. Ndiyo maana siku hizi kichupo kimoja kinaweza kufa na vingine vikabaki hai.

Ikiwa ni RAM, nenda kwa fundi huyohuyo na umwombe akuongezee GB 4 nyingine, au abadilishe diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD, isiyozunguka na iliyo ya haraka zaidi. Fedha yako itakuwa imefanya kazi kuliko katika kuweka Windows upya.

Kujifunga ghafla kunafuatiliwa kwa njia nyingine. Andika about:crashes, utaona orodha ya ripoti na tarehe zake. Ukiwa na intaneti, bonyeza ile iliyo mpya, itatumwa kwa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, na kufunguka, na mahali pa juu pataonyesha kilichosababisha. Yakitajwa mara kwa mara majina ya faili za antivirusi, umepata mshukiwa, na mashine yenye antivirusi mbili hupata taabu hiyo kwa urahisi, kwa hiyo bakisha moja tu. Lakini ripoti zikitofautiana kila mara, na programu nyingine nazo zinajifunga ovyo, shuku RAM yenyewe: tafuta mdsched katika menyu ya Windows, ukubali mashine ijizime na kujiwasha, nayo itaipima RAM.

Kuhusu wanafunzi wako, kwa kuwa maombi yao ni mambo ya maisha yao, usiandike maelezo marefu moja kwa moja ndani ya fomu. Yaandike kwanza katika programu ya kuandikia, hifadhi, kisha nakili na ubandike. Firefox huhifadhi orodha ya vichupo vilivyo wazi kila baada ya sekunde 15 hivi, na baada ya ajali inaweza kuvirudisha, lakini ukurasa wa chuo ukishakusahau, majibu hayarudi. Na ikiwa uwezo unaruhusu, nunua «onduleur», kile kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine dakika chache umeme unapokatika. Dakika hizo zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

SWALI: Nina kompyuta ya Windows 7 nyumbani Kamalondo. Chrome inajifunga kwenye tovuti nyingi na inakataa kujisasisha. Nifanyeje?
Kijana wa Kamalondo

JIBU: Ndugu, hapa hakuna kasoro ya kutafuta. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109, la Januari 2023. Tovuti zimeendelea kubadilika, kivinjari chako kimesimama. Firefox 115 ndiyo ya mwisho upande wake, nayo inaweza kukusogeza kidogo, ila usiitumie kwa mambo ya benki wala ya pesa za simu. Ikiwa mashine ina RAM ya GB 2 au zaidi, mwombe mtu anayeelewa akuwekee Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, yenye mwonekano wa Xfce, ambayo ni nyepesi, haina malipo, na huja na Firefox inayosasishwa. Nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kwa sababu kubadili mfumo kwa njia hiyo hufuta vilivyomo.