Jibu: Nina ruta ya waya tu, waifai naiongezaje?

Mkuu, ruta yako ya waya usiitupe. Hiyo ya zamani yenye waifai uliyosema iko kabatini inatosha kabisa. Iunganishe kwanza na kompyuta peke yake, uibadilishe anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao): kama ruta kuu ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Kisha zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani. Ukisahau hapo, ruta mbili zitagawa anwani na utatafuta mchawi wiki nzima (mimi yalinikuta). Weka nenosiri la waifai kwa ulinzi wa WPA2. Waya unaotoka ruta kuu uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la intaneti). Iweke koridoni, maana kuta za tofali za saruji zinakula mawimbi, hasa ya 5 GHz.