Maswali ya Wasomaji: Kutoka Canter hadi basi, na nyutro mlimani

SWALI: Shikamooni. Nina leseni daraja D, mwaka wa nne sasa, naendesha Canter ya korosho Tandahimba hadi Mtwara mjini. Tajiri mmoja anataka nimshikie basi la siti 57 la kwenda Dar. Nikisoma kozi ya abiria nitapata daraja C?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba. Kozi peke yake haitoshi. Daraja C, la abiria 30 na kuendelea, hupewa aliyekaa na C1 au E kwa miaka mitatu au zaidi. D yako imeshatimiza miaka mitatu, kwa hiyo unaweza kuomba C1 (abiria 15 hadi 30) au E ya malori makubwa. Kama shabaha ni basi, sisi tungeanza na C1: utashika Coaster na kuzoea abiria mapema. Miaka huhesabiwa tangu daraja lilipoingizwa kwenye leseni. Ile ya kuendesha bila daraja hilo haimo.

Soma kozi ya magari ya abiria kwenye chuo kinachotambuliwa. NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, iko Dar. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina vyuo Mtwara na Lindi, ila piga simu kwanza ujue kama kozi hiyo inaendelea. Kisha upimwe macho, ujaribiwe na trafiki, umalizie TRA (mamlaka ya mapato). Kagua majina mapema: cheti kikisema Selemani na kitambulisho cha NIDA kikisema Suleiman, utazungushwa. Baada ya leseni kuna mtihani wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na usajili wa dereva. Huko ndiko inakotoka i-button, ile unayogusisha kwenye kifaa cha VTS, cha kufuatilia mwendo wa basi, ili mfumo umtambue aliyeshika usukani.

Mwambie tajiri ukweli. Akikukabidhi basi sasa hivi, kesi ni yenu wote.

SWALI: Najifunza lori, daraja E, hapa Lindi. Mwalimu anakataza kushuka mlima na nyutro (bila gia), lakini madereva wa zamani wanasema inaokoa mafuta. Nani mkweli?
Msomaji, Lindi

JIBU: Mwalimu. Injini nyingi za dizeli za siku hizi hukata mafuta zenyewe gari likishuka na gia huku umeachia mafuta; nyutro ndiyo inayoyachoma, kwa sababu injini inabaki ikiunguruma. Hasara kubwa iko kwenye breki. Ukiteremka Makonde kutoka Newala kuelekea Masasi na mzigo, nyutro inaiachia breki kazi yote. Ngoma ya breki inapata moto na kutanuka, inazikimbia laini (vibao vinavyoibana ngoma), nazo laini zikiungua hazishiki. Unakanyaga, pedali inaitika, gari halipungui.

Weka gia ndogo kabla ya mteremko. Ukichelewa, gari likishashika kasi gia inagoma kuingia. Washa breki ya moshi (ya ekzosi) kama ipo. Kanyaga kwa nguvu hadi mwendo upungue, kisha achia kabisa breki ipoe, usiuning'inize mguu. Asubuhi toa maji kwenye matenki ya upepo wa breki, na usiondoke kabla kengele ya upepo mdogo haijanyamaza. Ikilia ukiwa njiani, egesha.