Kusasisha Programu Dhibiti ya Diski Ngumu kwa Kutumia Kompyuta Mpakato Pekee

Anayeanza kazi hii hudhani kuwa hatari yote iko katika ile dakika moja ambayo programu mpya inaandikwa ndani ya diski. Kwa uzoefu wangu, dakika hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Ugumu uko katika njia inayounganisha kompyuta na diski, na fundi asiye na kompyuta ya mezani, yenye soketi zake za SATA (njia ya kuunganishia diski moja kwa moja) na umeme wake wa kutosha, hana budi kuitengeneza njia hiyo mwenyewe.

Kabla ya njia, hata hivyo, jiulize kama safari yenyewe ina sababu. Programu dhibiti, ambayo mafundi wengi tunaiita fimwea, ndiyo inayoiongoza diski: inazungusha sahani, inasogeza vichwa vya kusomea, na inaamua data iwekwe wapi. Sehemu yake iko kwenye chipu ya bodi iliyo chini ya diski, na sehemu kubwa huwa kwenye sahani zenyewe, katika eneo ambalo mfumo endeshi hauoni kabisa. Ndiyo maana kufomati diski hakuigusi, na ndiyo maana pia sasisho likikatika katikati, diski inaweza kubaki bila kujua hata namna ya kuwaka.

Diski inayogonga, au ambayo idadi ya sekta zake mbovu inapanda kila wiki, haiponi kwa sasisho. Hamisha data, kisha ipumzishe. Sasisho lina maana pale tu ambapo mtengenezaji ametaja kasoro inayojulikana katika modeli na toleo ulilo nalo. Kasoro za namna hiyo zipo na si za kupuuzwa: mwaka 2019, HPE, kampuni ya seva, ilitangaza kuwa baadhi ya SSD zake (diski zisizo na sahani zinazozunguka) zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na kwamba data isingeweza kurejeshwa. Tafakari maana yake kwa mtu aliyewasha diski nane siku moja. Lakini haraka nayo ina gharama zake. Januari 2009, Seagate ilipotoa sasisho la kuokoa diski za Barracuda 7200.11 zilizokuwa zikigoma kutambuliwa baada ya kuwashwa, toleo la kwanza la sasisho hilo lilizifanya baadhi ya diski za GB 500 zishindwe kufanya kazi, ikabidi liondolewe na kutolewa upya. Tangu niliposoma habari hiyo, sisasishi diski isiyo na tatizo katika siku za kwanza za sasisho, isipokuwa kama kasoro yenyewe inaua.

Ukishaamua, chukua modeli, namba ya mfululizo na toleo lililopo. Amri ya smartctl -i, ya programu inayosoma taarifa za diski, inakupa yote matatu, na kibandiko juu ya diski kinathibitisha. Angalia pia diski iliuzwa na nani. Diski iliyokuja ndani ya kompyuta mara nyingi hubeba toleo lililoandaliwa kwa ajili ya muuza kompyuta, na faili lake hutafutwa kwake, hata kama jina lililochapishwa juu ya diski ni la mtengenezaji mwingine. Faili likikataliwa, usililazimishe. Kwenye Linux, programu ya hdparm inaweza kutuma faili kwa diski moja kwa moja, lakini inakutaka kwanza uandike chaguo ambalo jina lake, kwa tafsiri, ni "tafadhali iharibu diski yangu". Aliyeliandika hakuwa akitania.

Sasa tuje kwenye njia. Wengi huanza na kasha la USB, lile la kuwekea diski na kuichomeka nje ya kompyuta, nami nilianza hapo. Nilipoteza jioni nzima nikibadilisha waya, tundu na flashi, huku programu ya mtengenezaji ikisisitiza kuwa haioni diski yoyote, ilhali mafaili yake nilikuwa nayafungua bila shida. Sababu ilikuwa chipu ndogo iliyo ndani ya kasha, ambayo kazi yake ni ya ukalimani: kompyuta inazungumza USB, diski inazungumza SATA, na mkalimani huyo anajua vizuri kusoma na kuandika data, lakini amri adimu kama DOWNLOAD MICROCODE, ile inayoiambia diski ipokee programu mpya, wakalimani wengine huipitisha na wengine huikataa. Kwa kulitazama kasha huwezi kujua. Jaribu kwanza smartctl -d sat: ikishindwa kusoma taarifa za diski, achana na kasha hilo; ikifaulu, umepata dalili njema tu, si hakikisho, kwa hiyo soma maelezo ya mtengenezaji uone kama anaruhusu USB.

Njia ninayoipenda kwa diski ya inchi 2.5 ni kuitoa diski ya ndani ya kompyuta mpakato, kuweka ile inayosasishwa mahali pake, na kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye zana ya kusasishia. Hapo hakuna mkalimani, na faida ya pili ni kwamba diski yako mwenyewe iko mezani, huwezi kuisasisha kwa makosa. Kompyuta za zamani zenye kiendeshi cha CD cha SATA zina nafasi nyingine: zipo fremu za kubebea diski ya pili mahali pa kiendeshi hicho, ila pima unene kwanza, kwani ziko za milimita 9.5 na za 12.7. Kompyuta nyingi mpya zina nafasi ya M.2 tu, ya diski ndogo bapa, na mwenye kompyuta ya aina hiyo habaki na njia nyingine ila USB.

Diski ya inchi 3.5 ni shughuli nyingine. Mota yake inataka volti 12, na nafasi ya ndani ya kompyuta mpakato hutoa volti 5 peke yake. Kwa hiyo utahitaji adapta ya umeme ya pembeni, na data ipite ama kwenye tundu la eSATA, yaani SATA ya nje, kama kompyuta yako inalo, ama kwenye kituo cha USB ambacho mkalimani wake umeshamjaribu. Hata diski ndogo haziachwi bila kufikiriwa: tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900, na diski nyingine za inchi 2.5 huvuta karibu ampea 1 zinapoanza kuzunguka.

Hapa pana mtego uliomnasa mwenzangu mmoja. Tunajivunia kwamba kompyuta mpakato ina betri, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Ni kweli kwa diski iliyo ndani, na kwa ile inayokula umeme wa USB. Diski ya 3.5 iliyo kwenye adapta yake haina betri yoyote. Kompyuta itaendelea kuwaka kwa utulivu huku diski imezimika katikati ya kuandikiwa. Yeye hata umeme haukukatika, aliugonga waya kwa mguu. Weka adapta kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme (UPS), na waya upite mahali pasipopita mtu.

Flashi ikikataa kuwasha kompyuta, mara nyingi kosa si lako. Zana nyingi za zamani zinatumia mfumo wa DOS, na zinahitaji BIOS (programu ya kuiwashia kompyuta) ya mtindo wa zamani ambayo kompyuta mpya zimeiacha. Katika mipangilio hiyo ya kuwashia, zima Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka, na kama diski haionekani, angalia kama kidhibiti cha diski kimewekwa katika hali ya RAID (ya kuunganisha diski kadhaa) badala ya AHCI (ya kawaida). Andika mpangilio wa awali kabla ya kuugusa. Kama diski inayosasishwa ni ya mfumo na imesimbwa kwa BitLocker ya Windows, sitisha ulinzi huo kwanza na uwe na ufunguo wa kurejesha. Nakala rudufu ya data iwe imeshakamilika na imefunguliwa kuthibitishwa, tena kwenye diski tofauti.

Baada ya kuandika, zima kabisa, ondoa umeme, subiri kidogo, kisha uwashe. Diski nyingine hazianzi kutumia toleo jipya kwa kuwasha upya tu. Soma tena toleo kwa smartctl, endesha jaribio refu la diski, na ubandike kikaratasi chenye tarehe na jina la faili ulilotumia. Kikaratasi hicho niliwahi kukiona cha kizamani, mpaka nilipokutana na Samsung HD204UI, ambayo sasisho lake la kuzuia kupotea kwa data halikubadilisha namba ya toleo: diski iliyotibiwa na isiyotibiwa hutoa jibu lilelile.