Jamvi la Wasomaji: Sare ya Mhudumu na Mfuko wa Tajiri

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mstaafu wa bandari, nina umri wa miaka 71, na makazi yangu ni Ngamiani, hapa Tanga. Mwezi uliopita mjukuu wangu alipata ajira yake ya kwanza, nikataka kumpongeza kwa kumpeleka katika mgahawa mpya uliofunguliwa upande wa Raskazone. Tangazo la mgahawa huo lina picha ya wasichana watatu waliovaa kaptula fupi na fulana za kubana, na sahani ya chakula haionekani popote. Nilidhani kijana wa miaka 24 angefurahi. Akanijibu kwa upole, "Babu, twende tukale pweza, pale chakula ni kisingizio tu." Tukaenda kula pweza. Je, vijana wa leo wamekuwa wachamungu kuliko sisi, au ananificha jambo? Enzi zetu baamedi mchangamfu ndiye aliyejaza baa, wala hakuna aliyeona ubaya.
Mstaafu, Ngamiani

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa mjukuu. Uniruhusu nianzie kwenye sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonikwaza. Ubaya ulionekana sana, ila lawama zilikuwa na anwani moja tu. Mwaka 1968 ulikuwa mvulana wa miaka kama 14, na bila shaka unakumbuka Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, ambayo tangu Januari 1969 ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Mabishano ya wakati ule yalihusu nguo na aliyeivaa. Baamedi akiitwa mhuni, aliitwa yeye. Mwenye baa aliyemchagua kwa sura, akamlipa ujira mdogo na kumwachia mengine ayatafute mezani kwa wateja, alibaki mfanyabiashara mwenye heshima zake na salamu zake za Ijumaa.

Mjukuu wako, kama nimemsikia vizuri kupitia kalamu yako, hakusema neno hata moja juu ya adabu ya wale wasichana. Alisema juu ya mgahawa. Hapo ndipo nionapo tofauti ya vizazi, nayo haina uhusiano mkubwa na uchamungu: ninyi mlikuwa mkiuliza binti huyu ni wa namna gani hata avae hivi, naye anauliza ni nani aliyemvisha, na faida inaingia mfuko upi.

Biashara ya namna hii ina historia ndefu kwa wenzetu wa Marekani, na historia hiyo inafaa kutazamwa kwa sababu mingi ya mitindo tunayoiona sasa katika miji yetu imeigwa huko. Februari 29, 1960, kampuni ya jarida la Playboy ilifungua klabu yake ya kwanza mjini Chicago, ambamo wahudumu walivalishwa masikio na mkia wa sungura, na wateja wakaja kwa wingi. Mwaka 1963 mwandishi wa habari Gloria Steinem aliomba kazi katika klabu ya New York kwa jina la uongo, akaifanya kwa siku kadhaa, kisha akaandika aliyoyaona: vazi lililobana hadi kuumiza, miguu iliyovimba kwa viatu virefu, na malipo yaliyokuwa pungufu ya yale yaliyoahidiwa katika tangazo la kazi. Kwa maoni yangu, hayo ya malipo ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko mkia wa sungura, kwani yalionyesha kwamba urembo uliomvutia mteja haukuwa umehesabiwa katika mshahara wa mwenye urembo huo.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1983, mgahawa wa Hooters ulianzishwa Clearwater katika jimbo la Florida, ukiuza vipapatio vya kuku na bia kwa mikono ya wasichana waliovaa kaptula za rangi ya chungwa. Ukasambaa hadi nchi nyingine. Wanaume waliokataliwa kazi ya uhudumu waliushtaki, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi, huku ikibaki na haki ya kuweka wasichana peke yao mezani. Utetezi wake ulikuwa kwamba mvuto wa msichana ni sehemu ya bidhaa yenyewe. (Nimeirudia hoja hiyo mara kadhaa nikijiuliza kama aliyeiandika alikuwa na binti.) Mnamo Machi 31, 2025, kampuni hiyo ilikwenda mahakamani huko Texas kuomba kinga ya mufilisi, ikiwa na deni la takriban dola milioni 376.

Wapo waliosema kwamba vijana ndio walioiangusha. Mimi sikubali moja kwa moja. Deni la kiasi hicho haliletwi na mjukuu aliyependa pweza. Gharama za vyakula, za mishahara na za kukopa zilikuwa zimepanda, na migahawa mingine mingi isiyo na kaptula fupi nayo ilifunga milango. Tena Twin Peaks, mshindani aliyezaliwa Texas mwaka 2005 kwa mtindo uleule, aliendelea kufungua matawi wakati Hooters ikifunga yake. Lakini jambo moja ni la kweli: kilichokuwa kioja mwaka 1983 leo kipo bure katika simu ya kila kijana, na mtu hapandi bodaboda kwenda kununua kwa bei ya juu kile alicho nacho mfukoni. Waliochukua usukani wa Hooters baada ya hapo walitangaza kwamba wanataka kurudisha sura ya mgahawa wa familia. Walijua nani hakuwa akija tena: baba mwenye binti.

Kwa hiyo, mzee wangu, mjukuu wako hakufichi kitu, ila pia usimfanye kuwa kizazi kizima. Meza za mgahawa huo zinajazwa na mtu, na nilipopita Jumamosi jioni niliona wengi ni wa umri wake, na wachache ni wa umri wako. Nilimwona pia mhudumu mmoja amebeba sinia la soda kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anavuta pindo la kaptula lishuke. Alifika meza ya kwanza, akavuta. Akainama kufungua chupa, akavuta tena. Akageuka, akaona simu imeinuliwa kumpiga picha, akalikinga paja kwa sinia. Hilo la simu halikuwepo enzi zenu, na nadhani ndilo linalowafanya vijana wengi waone haya kwa niaba yake, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kupigwa picha asiyoitaka, au ana dada aliyepigwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mgahawa mdogo Chumbageni na biashara imelala. Rafiki yangu ananishauri nitangaze kazi kwa "wasichana wenye mvuto, miaka 18 hadi 25, wasioolewa." Je, kuna ubaya wa kisheria, na je, kutanisaidia?
Mfanyabiashara, Chumbageni

JIBU: Ubaya upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, umri na hali ya ndoa, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi kuwa mwajiriwa kwa ajili ya ulinzi huo. Kwa tangazo la mstari mmoja umeyagusa yote matatu. Sheria inaruhusu kubagua kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazidai, lakini mimi sijaona ni vipi kubeba wali na samaki wa nazi kunadai mtu asiyeolewa. Kuhusu faida, sikufichi: utapata wateja wapya kwa wiki chache, na utawapoteza akina mama wanaokuja na watoto Jumapili, ambao huagiza chakula kingi na hawaondoki bila kulipa.

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Nina miaka 22, ni mhudumu katika mgahawa hapa Tanga kwa mwezi wa saba sasa, na sina mkataba wa maandishi. Tajiri ametuletea sare mpya, sketi isiyofika nusu ya paja, na amesema asiyeitaka aache kazi. Wiki iliyopita mteja alinishika kiuno. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu nichangamke, kwani ndiyo biashara. Mama ananiambia niache, dada yangu ananiambia nivumilie kwa ajili ya bakshishi. Nifanyeje?
Mhudumu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mama na dada yako wote wawili wanakupenda, lakini wote wanakutaka wewe ndiye ubadilike.

Sare ni haki ya mwajiri kuipanga, na urefu wa sketi peke yake si jambo rahisi kulishinda. La kushikwa kiuno ni jingine kabisa. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi, na mwajiri anayeambiwa akanyamaza hawezi kusema halimhusu. Aliyekushika naye ana kesi yake, kwa sababu kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu kinafanya udhalilishaji wa namna hiyo kuwa kosa la jinai, na Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi ndilo la kuanzia.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikutishe. Kuuandaa ni wajibu wa tajiri, na mkifika mbele ya sheria bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Isitoshe umeshapita miezi 6, kwa hiyo hawezi kukuachisha bila sababu ya haki na utaratibu wa haki. Akikuachisha kwa kuwa umelalamika, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, usisubiri hasira zipoe. Waulize pia CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, na ikiwezekana nendeni wanne au watano pamoja, kwani naamini hukushikwa wewe peke yako.

Kabla ya yote hayo, tafuta daftari. Andika tarehe uliyoshikwa, saa, namba ya meza, maneno ya msimamizi kama alivyoyatamka, na jina la mwenzako aliyekuwa karibu. Andika usiku huu, kabla ya zamu ya kesho.