Mwanangu, lile swali lako la bomu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema kama wanajeshi wa Marekani wamemkamata mtu anayejua bomu limetegwa wapi na hataki kufungua mdomo, kuna ubaya gani wakimminya kidogo mpaka aseme, ya nini kujibana na kitabu cha sheria. Nilitaka nikupigie ila mi na wewe kwenye simu huwa tunaishia kubishana, acha niandike.

Hicho kitabu ni mwongozo wa jeshi lao wa kuhoji wafungwa, FM 2-22.3, ulitoka Septemba 2006, miaka miwili baada ya zile picha za wafungwa wakiteswa kwenye gereza lao la Abu Ghraib huko Iraki kuwaumbua mbele ya dunia nzima, si unamkumbuka yule aliyesimamishwa juu ya boksi kafunikwa kichwa na nyaya mikononi. Watu wanadhani ni makatazo matupu. Wapi! Mna mbinu 18 za kumfanya mtu aongee, unamsifia mpaka avimbe, unamtia hofu kwa maneno, unakaa kimya ukimtazama, unajifanya faili lake lote unalijua, hata mchezo wa mmoja mkali mmoja mpole upo ila kwa idhini ya wakubwa. Kudanganya ruksa kabisa. Kilichopigwa marufuku ni kipigo, shoti za umeme, kumvua nguo, mbwa, kumnyima chakula, kujifanya unamuua, na kule kumlaza ubaoni ukimmwagia maji usoni ahisi anazama. Kuna kiambatisho kimoja cha kumtenga mfungwa peke yake kinachotaka alale angalau saa 4 tu kwa siku, hapo mi naona walijiachia kadirisha.

Sasa bomu lako. Kwenye mfano wako wewe tayari unajua kwamba huyo jamaa anajua. Nani kakwambia? Chumbani mhojaji hana hiyo bahati, ana mtu tu mbele yake, labda anajua, labda nusu, labda wamekosea mtu, na ripoti ya Seneti ya 2014 ilikuta kati ya watu 119 walioshikwa na CIA, majasusi wao, angalau 26 hawakustahili hata kushikwa. Na kama kweli bomu lina saa, si anawatajia mtaa wa uongo tu, mpaka wamalize kupekua nyumba ya kwanza limeshalipuka.

Kesi inayonikaa kichwani ni ya Ibn al-Shaykh al-Libi, mtuhumiwa wa Al-Qaeda. Alikamatwa mwishoni mwa 2001, Wamarekani wakampeleka Misri, na kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye alitiwa kwenye kisanduku cha kama sentimita 50 kwa 50 karibu saa 17, alipotolewa akapigwa ngumi robo saa nzima, basi akatunga hadithi kwamba Iraki iliwasaidia Al-Qaeda kwenye mambo ya silaha za maangamizi. Hadithi yenyewe imenyooka, ina majina ya watu wa kweli. Februari 2003 Colin Powell, waziri wao wa mambo ya nje, akaitumia Umoja wa Mataifa, mwezi uliofuata vita vya Iraki vikaanza, na 2004 jamaa akaikana yote. Kwa hiyo sikwambii mateso hayatoi majibu, yanatoa, tena na maelezo kamili, shida ni kwamba majibu ni yale unayoyataka wewe.

Halafu chukua Abu Zubaydah, mtuhumiwa mwingine, 2002. Watu wa FBI, wapelelezi wao wa makosa ya jinai, Ali Soufan akiwemo, walimhoji akiwa hoi na majeraha, wakamuuguza huku wanaongea naye, na akamtaja Khalid Sheikh Mohammed kuwa ndiye aliyepanga Septemba 11. Hiyo ni kabla. Maji CIA walimmwagia baadaye, Agosti, mara 83. CIA wanashikilia kwamba njia zao ziliwapa habari za maana, Seneti ikasema hapana, na hawajapatana mpaka leo.

Aliyesukuma sheria ya 2005 ya kukomesha hayo alikuwa seneta John McCain, ikapita Seneti 90 kwa 9. Mtu huyo alipokuwa mfungwa wa vita vya Vietnam aliteswa Hanoi mpaka akasaini maungamo ya uongo, sasa nani angemfundisha. Obama 2009 akaagiza mwongozo wa jeshi uwabane na CIA pia, na 2015 ikawekwa kwenye sheria ili rais mwingine asiifute kwa kalamu.

Na kuna moja sijawahi kukutajia tangu siku ile. Ulikuwa na miaka tisa, saa ya babu yako ikapotea, nikakukalisha kwenye stuli nikakuhoji na mkanda mkononi. Ulikana, ulikana, mwishowe ukasema umeiuza kwa mwenzako wa darasani, ukataja na jina, ukasema aliiweka kwenye soksi. Soksi! Nikaenda kugombana na wazazi wa watu. Wiki ya pili nikaikuta kwenye mfuko wa koti langu mwenyewe, nikairudisha kabatini kimya kimya na sikukuomba msamaha.

Nisamehe mwanangu. Saa ninayo bado, inachelewa kidogo, ukija uichukue.

Baba yako