Saa ya kuchora kwa mkono: kwa nini inatoka chafu badala ya kuonekana ya kale

Mkuu uliyeuliza, umesema saa yako ya ubao uliichora ikapendeza, ukapitisha rangi ya kahawia juu ili ionekane ya zamani, ikaishia kuonekana imepakwa tope. Kahawia unaionea bure. Nionavyo mimi, hukutanguliza vanishi, halafu ukapaka kote kwa uzito uleule.

Rangi ya maji isiyo na vanishi hunywa. Kahawia ikiigusa inazama, na hata ufute vipi haitoki. Mimi nikimaliza kuchora napiga mkono mmoja wa vanishi isiyong'aa, naiacha ikauke kabisa, ndipo nachanganya kahawia iliyokolea na maji hadi michoro ionekane chini yake. Napaka sehemu ndogo, nafuta hapohapo kwa kitambaa kikavu, toka katikati kwenda pembeni. Inayobaki ni ile iliyojificha kwenye alama za brashi, kwenye nakshi na kwenye ukingo, yaani mlemle ambamo vumbi la miaka lingejikusanya.

Kuchakaa nako kuna mahali pake. Kitu cha kale huchubuka kinaposhikwa: kingo, pembe, sehemu ya chini. Kwa hiyo kabla ya rangi ya juu nasugua mshumaa kwenye kingo tu. Rangi ikikauka napitisha msasa laini, inabanduka penye nta na rangi ya chini inachungulia. Ukichubua katikati ya uso wa saa, mtu atajua umelazimisha.

Ukitaka nyufa, paka rangi ya chini iliyokolea, ikikauka paka gundi nyeupe ya mbao. Gundi ikiwa bado inanata, pitisha rangi ya juu kwa mkupuo mmoja na usirudie, kwa sababu brashi ikirudi inaziba nyufa zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Rangi nzito huleta nyufa pana, nyembamba huleta za nywele. Namba zichore baada ya nyufa kukauka, ila kabla ya kahawia, ili zizeeke pamoja na uso. Namba nyeusi ti juu ya uso uliofubaa zinaumbua kazi yote.

Kugawa namba ni bikari na protrakta, nyuzi 30 kila moja. Anza na 12, 3, 6 na 9. Ukitumia za Kirumi, saa nyingi za kale huandika nne kwa IIII, si IV. Na kabla ya kununua mashine ya saa pima unene wa ubao: shingo ya mashine, ile inayotokeza mbele na kushika mishale, ipenye na ibakishe nafasi ya nati na mishale.

Hiyo uliyonayo usiitupe. Chukua msasa laini, namba 400, isugue polepole katikati hadi weupe urudi, pembeni iache kama ilivyo. Futa vumbi, gusia namba zilizofifia, piga vanishi. Kisha vua mishale na uifubaze nayo, maana mishale inayong'aa inasaliti haraka sana. Tumia rangi kidogo mno: mashine hizi za betri ndogo moja hazina nguvu, na mshale ukizidi uzito saa inaanza kuchelewa au inakwama ikipanda kutoka 6 kwenda 12.